Toleo la Saba

Kitu cha kwanza alichokiona Ng'washi alipofungua mlango ni kwamba kiti kilikuwa kimoja.

Miezi saba alikuwa akiingia katika chumba kile kidogo, kilichobanwa kati ya ofisi ya mbao ya Mzee Muhidini na banda la mashine ya randa, na siku zote mbele ya meza ya kompyuta aliviona viti viwili. Kimoja chake, kimoja cha Farhan. Leo kiti cha Farhan kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani na kubebeshwa makaratasi. Farhan mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, ameupa mlango mgongo, akitazama lori likipakiwa mbao kwenye ukungu. Mwezi wa sita Mafinga ukungu hauondoki mpaka watu wamekula chakula cha mchana, na siku nyingine hauondoki kabisa.

"Karibu," alisema bila kugeuka.

Ng'washi aliweka chini kikapu. Ndani mlikuwa na chupa ya chai na maandazi manne kutoka kwenye kibanda cha chakula cha mama yake mdogo, Roza. Aliyafunika vizuri, akayafunua, akayafunika tena, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake.

"Iringa wanasemaje, kaka Farhan? Umerudi salama?"

"Mwili umerudi salama."

Hapo ndipo alipogeuka. Alikuwa hajanyoa. Macho yake, yale ambayo Ng'washi aliyajua yakicheka kabla mdomo haujacheka, yalikuwa yamechoka kama ya mtu aliyetoka msibani. Ng'washi aliangalia chini. Moyo ulimwambia: amejua.

Lakini Farhan alikuwa hajajua lolote, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mambo yao yalianza hivi. Kulikuwa na kikundi cha watu wa kujitolea, wengine Iringa, wengine Mbeya, wengine nchi za mbali, waliokuwa wakitengeneza mfumo mpya wa kuendesha kompyuta, mfumo utakaosema Kiswahili tangu mtu anapowasha mpaka anapozima. Haukuwa umekamilika. Kila baada ya wiki kadhaa walitoa toleo la majaribio, na kila lilipotoka, Farhan alilipakia kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa mezani, akatafuta mahali linapokwama, akawaandikia ripoti. Baba yake, Mzee Muhidini, aliiita kazi hiyo kupiga ramli. Lakini alimwachia chumba, kwa sababu alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume.

Siku Ng'washi alipoleta chai kwa mara ya kwanza, Farhan alimuuliza kama amewahi kugusa kompyuta.

"Sijawahi."

"Hata shuleni?"

"Mimi niliishia la tano." Alisema akiangalia vidole vya miguu. Alikuwa darasa la tano baba yake, Mzee Budeba, alipouza nyumba Maswa na kuhamia na ng'ombe wake uwanda wa Usangu, na huko shule ilikuwa mbali kuliko maji. Kila alipolisema jambo hilo, watu walisema, "Aah, pole," wakageukia mambo mengine.

Farhan alipiga makofi. "Safi kabisa!"

Ng'washi aliinua uso kwa mshangao. Hakuwa amewahi kuona mtu akifurahia darasa lake la tano.

"Sikiliza. Mimi siwezi kukwama," Farhan alimweleza. "Nimeshazoea, nikiona kitufe mkono unakwenda wenyewe. Watakaoutumia mfumo huu hawajazoea. Namtaka mtu asiyejua, akae hapa, aniambie anakwama wapi. Ila sharti ni moja. Useme kwa sauti. Kila unachokiona, kila unachofikiri, hata kama unaona ni cha kijinga. Mimi naandika."

Kwa Ng'washi, ambaye kwenye kibanda cha mama mdogo wateja walimwita Bubu, sharti hilo lilikuwa zito kuliko gunia la mahindi. Siku ya kwanza alisema maneno sita. Siku ya tatu alisema, "Naona kama mlango, lakini haufunguki, nadhani umechorwa tu," na Farhan akacheka kwa furaha, akaandika neno kwa neno. Ng'washi aliitazama ile kalamu ikikimbia. Kwenye daftari la mahudhurio la shule, jina lake liliandikiwa "hayupo" mpaka wakaacha kuliandika. Sasa kulikuwa na mtu anayeandika alichosema, akimwambia, "Rudia, taratibu, nisikose hata neno moja."

Mtu akisikilizwa hivyo miezi minne mfululizo, afanye nini? Asipende?

Ilipofika mwezi wa tatu wa mwaka huu, toleo la nne, mambo yakafunguka. Hakujua yalifungukaje. Alikaa tu, akaandika barua ya majaribio, na kitufe cha Hifadhi alichokuwa akikihangaikia kilikuwa pale juu, upande wa kulia, kimetulia kama sufuria rafuni. Akataka kucheka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya. Farhan, akipekua daftari lake, akasema kwa wema mtupu:

"Wewe sasa unakaribia kuelewa. Ukishaelewa, itabidi nimtafute mwingine. Mtu akishajua hafai tena kwa kazi hii. Wanataka macho mapya."

Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha kesho. Lakini mkono wa Ng'washi ulirudi nyuma.

"Sioni pa kuhifadhia," alisema.

Na hakuona toleo la nne, hakuona la tano, hakuona la sita.

Sasa Farhan alivuta pumzi, akaegemea ukuta wa mbao.

"Wananiita mwongo, Ng'washi."

"Nani?"

"Sosthenes. Msimamizi wetu Iringa. Mbele ya watu ishirini, mimi nimesimama na makaratasi yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na ndiyo iliyoumiza. "Amesema wamejaribu Iringa mjini. Wamejaribu Ilomba, Mbeya. Wamejaribu Igowole kwa wakulima wa chai. Watu wazima wasiowahi kushika hata simu ya kubofya. Wote wanakiona kitufe cha Hifadhi, dakika mbili, tatu. Isipokuwa mtumiaji wa Mafinga. Huyo matoleo matatu hakioni, na kila mara anakitafuta mahali palepale, chini kushoto. Akaniuliza, 'Farhan, huyo mtu yupo, au umemtunga?' Watu wakacheka."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia yupo. Nikawaambia ni mkweli kuliko watu wote niliowahi kukaa nao meza moja."

Ng'washi alishika ukingo wa meza.

"Na hilo lisingekuwa kitu," Farhan aliendelea. "Kunicheka wanicheke. Lakini mwanzoni waliniamini, unaona? Wakasema, akikiona huyu wa Mafinga, nchi nzima itakiona. Toleo la sita wakakihamisha kitufe, wakakiweka chini kushoto, mahali ulipokuwa unatafuta. Kwa ajili yako, na hata hapo ukasema hukioni. Na chini kushoto kulikuwa na nini? Kitufe cha Futa. Vikakaa pamoja kama ndugu. Kuna mama mmoja Igowole, Lusia, katibu wa kikundi chao. Ameandika majina ya wanachama na mashamba yao siku mbili nzima, kwa kidole kimoja. Kufika mwisho, anataka kuhifadhi, akagusa cha pembeni."

"Yakapotea?"

"Yote. Nilimwambia asiweke kazi ya kweli kwenye toleo la majaribio. Lakini alikuwa anaamini kitu chetu, maskini. Alilia kwenye simu kama mtu aliyefiwa. Na aliponipigia aliniambia nini? 'Kijana wangu, kosa ni langu, mimi sina shule.'"

Nje, lori liliwashwa, likanguruma, likaondoka. Ng'washi alihisi baridi ikimpanda kutoka sakafuni. Mimi sina shule. Ni maneno yake mwenyewe yale, maneno aliyokuwa akiyasema maisha yake yote, na sasa amemtia mtu mwingine mdomoni.

Farhan alitoa simu yake, akaisimamisha juu ya boksi la misumari, kamera ikitazama meza.

"Hili ni toleo la saba. Kitufe wamekirudisha juu. Wanataka waone kwa macho yao. Mimi nikae mbali, nisiguse, nisiseme, ndiyo maana nimeondoa kiti. Wewe uandike barua fupi, uihifadhi, uifunge, uifungue tena. Ukikwama, wataamini kwamba sikutunga. Video iwafikie leo kabla ya saa kumi. Wakiamini, wananipa kazi ya kusimamia majaribio Iringa na Mbeya yote. Wasipoamini, wanafuta jina langu. Na baba ameshasema, chumba hiki kitawekwa vanishi na gundi, mimi nirudi kuhesabu mbao."

"Kwa hiyo nikikwama…"

"Ukikwama nimepona." Akajaribu kutabasamu. "Sikwambii ukwame. Fanya kama siku zote tu. Kuwa wewe."

Kuwa wewe. Ng'washi alikaa. Kiti kilikuwa cha baridi. Kukwama alikujua. Alikuwa fundi wa kukwama kuliko mafundi wa randa walivyokuwa wa mbao. Angekunja uso kidogo, angezungusha kipanya, angesema, "Sioni," na Farhan angepona, angekwenda Iringa kichwa juu, na kesho na keshokutwa angerudi na toleo la nane, na viti vingekuwa viwili tena. Hakuna ambaye angejua mpaka kufa kwao. Ilikuwa rahisi hivyo.

"Kaka Farhan."

"Naam."

"Nikikwama, watakihamisha tena?"

Farhan aliisogeza simu kidogo juu ya boksi. Alikuwa mtu wa kweli, hakujua kujibu haraka.

"Inawezekana," alisema hatimaye. "Watatafuta namna nyingine."

"Na yule mama wa Igowole?"

"Ng'washi, tumebakiwa na muda mfupi."

Alibonyeza simu. Taa ndogo nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika.

Ng'washi aliweka vidole kwenye kibodi. Na kwa sababu alikuwa amefundishwa kusema kwa sauti, alisema.

"Naona karatasi nyeupe. Naandika." Vitufe vilianza kulia, haraka, bila kusitasita, vidole vya mikono yote miwili. "Naandika, 'Mama Lusia wa Igowole, shikamoo. Kosa halikuwa lako. Ni mimi wa Mafinga niliyelifanya. Naomba unisamehe.' Nimemaliza. Sasa nahifadhi. Kitufe kiko juu, kulia. Nakiona." Akabofya. "Nafunga." Akabofya. "Nafungua. Barua yangu ni hii hapa, imekuja yote."

Akageuka akaitazama ile taa nyekundu kama anavyotazamwa mtu usoni.

"Nilikiona tangu toleo la nne. Kaka Farhan hakuwa anajua. Yeye aliandika nilichomwambia, na mimi nilimwambia uongo. Hakutunga kitu. Basi."

Mashine ya randa upande wa pili ilinguruma mara moja, ikanyamaza.

Farhan alitoka ukutani. Akaja, akazima kamera, akaishika simu mkononi kama kitu asichojua ni cha nani.

"Umeandika kwa mikono miwili," alisema.

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ijumaa ukienda msikitini, ukiniachia chumba nilinde, nilikuwa naandika. Barua za kwenda kwa baba. Naandika, nafuta."

"Miezi mitatu." Sasa hasira ilianza kuja, taratibu, ikipanda kama maziwa jikoni. "Miezi mitatu mimi nakaa hapo, nakuonea huruma, najilaumu. Najiuliza nimekosea wapi kukueleza. Nimegombana na Sosthenes, mtu mzima, rafiki yangu, nikamwambia wewe hujui shida za watu wasiosoma! Na wewe unanitazama!"

"Nisamehe."

"Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana! Kaka Farhan, hapana."

"Basi ulikuwa unafanya nini? Kwa nini, Ng'washi?"

Ng'washi alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limekaa kooni siku nyingi, alilijua umbo lake na uzito wake. Lakini alikotoka msichana halisemi jambo lile. Husemewa. Wanakuja wazee, wanakaa, wanakohoa, wanazungumza habari za ng'ombe, na jambo lenyewe linapita katikati yao bila mtu kulitaja. Alifunga mdomo.

"Itume," alisema badala yake.

"Nini?"

"Hiyo video. Itume ilivyo."

"Ikienda hii, kazi sina. Nani atampa kazi mpimaji aliyedanganywa miezi mitatu na mtu aliyekula naye sahani moja?"

"Lakini hawatakuita mwongo tena. Wataniita mimi. Na kitufe kitabaki juu."

Farhan alimtazama. Katika macho yale Ng'washi aliona vitu viwili vikigombana, na kimoja hakikuwa hasira. Kisha akainamisha kichwa, kidole gumba kikagusa kioo cha simu mara mbili.

"Imekwenda," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Haya. Sasa ya Iringa yamekwisha, tumebaki mimi na wewe. Nakuuliza mara ya pili. Kwa nini? Na kwa nini chini kushoto? Hicho ndicho kinachoniumiza kichwa. Ungeweza kujifanya unatafuta popote. Katikati, juu, popote. Matoleo matatu, jicho lako linakwenda palepale, chini kushoto, linabaki huko. Nimechora mpaka ramani. Kuna mtu alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi sema! Kwenye kiti hicho hicho ndipo nilipokusikia ukisema mambo ambayo hata watu wa chuo hawayaoni. Leo umekuwa bubu?"

Lilimchoma lile neno, na Farhan aliona limemchoma, akafumba macho kwa kujuta. Kabla hajasema kitu, mlango ulisukumwa.

Bi Rukia aliingia, mtandio wake wa kijani umefungwa vizuri, mkononi ana tasbihi. Mama yake Farhan alikuwa mfupi, mnene kidogo, mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa Mbeya na kuzeekea Mafinga, na sauti yake ilizoea kunyamazisha madereva wa malori.

Ng'washi aliinuka haraka, akapiga magoti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, tuache kidogo, tafadhali," Farhan alisema.

"Nikuache? Ukuta ni wa mbao, baba. Nimekaa ofisini nimesikia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na mafundi wamezima mashine wasikilize vizuri, wamejipanga kama wako sinema." Akagonga ukuta kwa kiganja. "Fanyeni kazi nyie! Mnalipwa kwa masikio?"

Upande wa pili nyayo zilikimbia. Mashine haikuwashwa.

Bi Rukia akayatoa makaratasi kwenye kiti cha Farhan, akakivuta, akakaa, akamtazama Ng'washi kutoka kwenye kilemba mpaka kwenye ndala.

"Binti, mimi nitasema, kwa sababu naona humu ndani watu wazima wawili wamefungwa midomo. Mwanangu alipoanza kukutazama, mimi niliona."

"Mama!"

"Mama nini? Leo ni siku ya kusema. Nikamwambia, yule hajasoma. Akanijibu, mama, ana akili kuliko wengi waliosoma. Nikamwambia, si wa dini yetu. Akasema, hayo wazee hukaa wakazungumza. Nikamtajia Nusrat, mtoto wa Shamsudin wa Mbeya, ana chuo, ana tabia. Hajataka hata kuiangalia picha. Picha iko kwenye kabati langu mpaka leo, imekaa kama deni."

Ng'washi alihisi masikio yakiwaka moto. Hakuthubutu kumwangalia Farhan. Aliangalia kikapu, akaangalia chupa ya chai, na vyote viliyeyuka machoni. Kumbe. Kumbe siku zote alizokaa akiiba muda, akijificha nyuma ya ujinga wake ili asiachwe, mwenzake alikuwa akigombana nyumbani kwa ajili yake.

"Sasa nikuambie ukweli wa moyo wangu," Bi Rukia aliendelea, na sauti yake ilishuka, haikuwa tena ya kunyamazisha malori. "Nilikuwa nimeanza kulegea. Nilisema, haya, hajui kitu, lakini ni mpole, nitamfundisha mimi mwenyewe. Leo nasikia unajua. Unajua tangu mwezi wa tatu, na ulikuwa unamtazama mwanangu akihangaika na kalamu yake, unanyamaza. Asiyejua ningemfundisha. Anayejua akajificha, nitamfanyaje? Nitamjuaje? Atakaa kwenye nyumba yangu, nitamuuliza kitu, ataniambia 'sioni,' nami nitaamini vipi?"

"Mama, inatosha," Farhan alisema, na safari hii alisimama kati yao. "Amekiri mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kuniokoa kwa kukaa kimya, hakufanya hivyo."

"Nimesikia. Na hilo ndilo lililonitoa ofisini, la sivyo ningemtuma dereva aje kumwondoa." Bi Rukia aliigeuza tasbihi mara moja. "Lakini umemuuliza jambo mara mbili, hajajibu. Mimi sitaki mengi, binti yangu. Mjibu. Ukitoka humu bila kumjibu, basi usirudi. Chai ataileta mama yako mdogo. Sitakuchukia, nitajua tu kwamba moyo wako una vyumba vilivyofungwa, na mwanangu si mtu wa kukaa akigonga milango."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye marundo ya mbao, na upande wa pili wa ukuta hapakusikika hata mtu kupumua, ingawa wote watatu walijua watu wamo.

Ng'washi aliangalia mlango. Ulikuwa hatua tatu. Maisha yake yote alikuwa ametoka kwenye milango ya namna ile, kimya, bila kelele, akiacha watu wamalize mazungumzo bila yeye. Alitoka hivyo darasa la tano; hakulia, alibeba tu kamba ya ndama akafuata ng'ombe. Baba yake hakumuuliza, naye hakusema kwamba alitaka kubaki. Hakulisema siku ile, hakulisema baadaye, na jambo lisilosemwa halikumrudishia shule.

Alisimama. Hakupiga magoti safari hii, na alitumaini Bi Rukia hataona ni kukosa adabu.

"Mama," alisema, "mimi sijui kusema vizuri. Kwetu msichana hasemi. Lakini umeniambia nijibu, nami nitajibu, ukiona nimekosa heshima unifukuze."

"Sema."

"Aliniambia nikishaelewa atatafuta mtu mwingine. Ndiyo maana nilisema sioni. Sikutaka aje mwingine akae kwenye kiti changu." Akakaza macho kwenye tasbihi ya Bi Rukia. "Nyumbani kwako ukiniuliza kitu, mama, nitakwambia. Nilificha jambo moja tu katika maisha yangu, na lilikuwa hili."

Kisha akamgeukia Farhan. Kwa mara ya kwanza tangu afahamiane naye, alimtazama usoni bila kushusha macho.

"Na kule chini kushoto," Ng'washi alisema, "sikuwa natafuta kitufe, kaka Farhan. Wewe hukaa kushoto kwangu. Ukiandika, mkono wako unaegemea pale, chini ya kioo, na kalamu. Nilikuwa nautazama mkono wako. Kila toleo. Nakupenda. Na mama naye asikie."